Bango lilifika, posho haikufika

Mvua ilianza kipindi cha pili, ile mvua ya Dar isiyobisha hodi, na mabinti wa benchi wakakimbilia kitu cha karibu walichokiona, nacho kilikuwa bango la mdhamini. Wakalifungua kamba, wakalitandaza juu ya mabegi na simu zao, wawili wakashika ncha za huku wawili za kule, wakajibana chini yake wanacheka. Nembo ya kampuni imetazama juu, inanyeshewa.

Mi nilikuwa nimejibanza chini ya mwembe na wazee wawili na muuza karanga. Mpwa wangu ni kipa wa akiba, kwahiyo na yeye alikuwa chini ya lile bango, naona njumu zake tu.

Mechi ikaisha moja moja. Tukatembea kwenda kituoni tumelowa chapachapa, na njiani akaniomba nauli, akaomba kwa aibu kabisa maana hakutegemea kuomba. Waliahidiwa posho ya elfu saba kila mechi, nauli na maji humo humo. Hii ilikuwa mechi ya nne na walikuwa wamelipwa moja. Kila wakiuliza wanaambiwa fungu halijashuka.

Na hundi wote tuliiona siku ya uzinduzi. Ile ya kadibodi, kubwa kama mlango, imeshikwa na watu watano wenye suti wanatabasamu.

Akaniuliza, "Anko, kwani hawa wanajua?"

"Kina nani?"

"Hawa wa kwenye bango."

Nikampa elfu tano, akapanda gari, mi nikabaki pale kituoni kama mtu aliyesahau alikokuwa anaenda.

Hii ni wiki ya sita tangu siku ile.

Sitataja mashindano, wala chama, wala kampuni. Woga upo, sikatai, ila sababu kubwa mtaiona mbele.

## Mtunzaji

Nimekulia nyumba ambayo taarab haikosi, mama na dada zake wote ni watu wa ukumbini, na kama umewahi kwenda unamjua yule mtu anayeinuka kutunza. Anasubiri beti lake lifike, anasimama, anapita katikati ya ukumbi taratibu na noti imekunjwa vidoleni, anahakikisha anayemlenga kamuona, anampa mwimbaji, anazunguka mara mbili anarudi kukaa. Kapata alichokifuata. Hajauliza mpiga kinanda analipwa shingapi, wala yule kijana anayebeba maspika atarudi kwao na nini, na hakuna mtu ukumbini anayetegemea aulize.

Mdhamini wa mpira wetu ni huyo huyo. Anainuka, anaonekana, anakaa.

Ndo maana swali la mpwa wangu lilinikaa vibaya. Angeuliza kwanini viongozi hawajawalipa ningekuwa na majibu yangu ya kawaida, hilo kila mtu anauliza na kila mtu kashazoea kutojibiwa. Yeye aliwaruka viongozi wote akaenda kwa aliyetoa noti.

Nina rafiki yangu aliwahi kufanya kazi idara ya masoko, kampuni nyingine kabisa, siku hizi anauza vifaa vya ujenzi. Nikamtafuta tukakaa kwenye supu nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Kaka, msimu ukiisha mi nilikuwa naulizwa nembo imeonekana dakika ngapi kwenye tivii na picha ngapi zimetoka gazetini. Miaka minne. Sijawahi kuulizwa kama kipa kalipwa."

Nikamuuliza, na ungeulizwa?

"Ningeuliza na mimi. Wangejibu siku hiyo hiyo. Unajua pesa huwa inatoka kwa awamu?"

Hilo la awamu sikulijua. Pesa haitoki yote siku ya kadibodi. Inatoka kidogo kidogo, na kila kabla ya kutoka kuna mtu mmoja mezani kwake anayesaini. Na mkataba, anasema aliowahi kuushika yeye, ulikuwa na kifungu kwamba jina la mdhamini likichafuliwa anaruhusiwa kusitisha. Kwahiyo ufunguo upo. Tena upo kwenye droo ya mtu ambaye hajawahi kuambiwa kuna mlango.

## Nani mwingine anaweza kuuliza?

Hapa nilijizungusha sana kwasababu kitu cha kwanza unachofikiria ni serikali. Waziri si yupo.

Lakini tumeona ya Kenya. Novemba 2021 Waziri Amina Mohamed alivunja uongozi wa FKF, shirikisho lao la mpira, kwa tuhuma za matumizi ya pesa, na Februari 2022 FIFA ikaifungia nchi nzima mpaka Novemba mwaka huo. Harambee Stars wakakosa hata kucheza mechi za kufuzu. Yaani waziri aliyegusa kwa nia nzuri ama mbaya, jibu ni lile lile, wanaoadhibiwa ni wachezaji.

Shabiki je? Hana kura. Klabu zina kura ila zinaogopana. Mwandishi wa michezo anahitaji kitambulisho cha kuingilia uwanjani msimu ujao.

Anabaki mdhamini. Sijawahi kusikia nchi imefungiwa kwasababu mdhamini kaomba risiti.

## Siku kumi na moja

Sasa nikaanza kusoma, usiku, na bando langu likaisha kwa mambo ya mpira ambao hata sio mpira wetu. Stori iliyonishika kuliko zote ni ya Washington, ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mkononi.

Ile timu ilikuwa na jina ambalo kwa wenyeji wa asili wa Marekani ni tusi, tusi la rangi ya ngozi. Wenyewe walipiga kelele miaka na miaka. Mwaka 1992 mwanamke mmoja anaitwa Suzan Harjo na wenzake walifungua shauri wakitaka jina hilo linyang'anywe ulinzi wa alama ya biashara. Wakashinda, wakashindwa kwenye rufaa, wengine wakaanza upya. Mwenye timu, Daniel Snyder, mwaka 2013 aliulizwa na gazeti kama atabadili jina akajibu hatabadili kamwe, na akamruhusu mwandishi aliandike hilo neno "kamwe" kwa herufi kubwa.

Basi Juni 2020, wakati Marekani yote iko barabarani baada ya George Floyd kuuawa, wawekezaji na mashirika zaidi ya 80 wenye mali ya jumla ya dola bilioni 620 wakaandika barua. Na hapa ndipo nilipoweka simu chini nikakaa vizuri. Barua hawakumwandikia Snyder. Waliwaandikia Nike, FedEx na PepsiCo, kampuni ambazo wao wana hisa zake, wakiwataka waache kufanya biashara na timu mpaka jina libadilike.

FedEx ndo alikuwa na jina lake juu ya uwanja, mkataba wa dola milioni 205 tangu 1999. Tarehe 2 Julai FedEx akatoa tamko fupi la sentensi moja, tumeiomba timu ibadili jina. Nike akaondoa jezi zao kwenye duka lake la mtandaoni. Tarehe 13 Julai timu ikatangaza kwamba jina linastaafishwa.

Siku kumi na moja. Miaka 28 baada ya lile shauri la kwanza.

Nilimtumia rafiki yangu wa supu hiyo stori saa saba usiku na alama za mshangao kibao. Asubuhi akanijibu kitu kimoja, "Ila na barabara zilikuwa zinawaka moto."

Ni kweli, na ilinikata maini kidogo. Barua kama hizo zilishaandikwa miaka ya nyuma zikakaa kwenye makabati. Watu kujaa barabarani ndo kulifanya barua isomwe. Na wale waandishi wa barua walikuwa na bilioni 620 mkononi, mimi nina mpwa.

Bado kuna kitu nilikichukua pale. Walimtafuta anayemlipa Snyder, na zaidi ya hapo wakamtafuta anayemmiliki anayemlipa Snyder. Na walichoomba kilikuwa kitu kimoja, kinachoonekana kwa macho, kimefanyika au hakijafanyika. Jina libadilike. Basi.

## Wanaokuja mti umeshalegea

Nilidhani nimepata dawa. Halafu nikasoma ya Sepp Blatter, yule aliyekuwa rais wa FIFA, nikarudi chini.

Mnaikumbuka 27 Mei 2015, polisi wa Uswisi wameingia hotelini Zurich alfajiri wanawatoa vigogo wa FIFA vyumbani kwao. Siku mbili baadaye Blatter kachaguliwa tena. Siku nne mbele kasema ataitisha uchaguzi mwingine ila akaendelea kukaa. Wadhamini wakati huo? Wanatoa matamko ya "tunasikitishwa" na "tunafuatilia kwa karibu", lugha ile ya rambirambi.

Mpaka 2 Oktoba. Siku hiyo Coca-Cola, McDonald's, Visa na Budweiser, wote ndani ya siku moja, wakamtaka aondoke mara moja. Adidas akakaa kimya. Blatter akajibu kupitia mawakili kwamba haondoki. Tarehe 8 kamati ya maadili ya FIFA ikamsimamisha.

Ukiisoma haraka unaona wadhamini wamemng'oa mtu. Ila angalia kalenda. Tarehe 25 Septemba, wiki moja kabla, waendesha mashtaka wa Uswisi walishamfungulia uchunguzi wa jinai. (Kesi iliyotokana na hapo aliishinda mwaka 2022, tusimwonee.) Coca-Cola alikuwa mdhamini wa Kombe la Dunia tangu 1978, miaka 37 kakaa meza moja na hao watu, na siku ya kuona tatizo ni siku ambayo dunia nzima imeshaliona.

Walikuja kuusukuma mti uliokwisha legea mizizi.

Na nadhani ndivyo walivyo wengi. Mdhamini hatakuwa wa kwanza kusema. Ukimwendea unamtaka awe shujaa utaondoka mikono mitupu, unatakiwa umfanye aone kwamba kukaa kimya kumeanza kuwa ghali kuliko kusema. Sipendi kuandika sentensi kama hiyo, inanuka hesabu. Ila ndo niliyoiona.

## Doha

Hii ya Kombe la Dunia la Qatar 2022 imetugusa zaidi huku, maana kila mtu mtaani ana mtu aliyepita Qatar. Mlinzi, dereva, mpishi. Wakenya na Waganda ndo usiseme, viwanja vile vimelindwa na watu wa kwetu.

Mei 2022 mashirika ya haki za binadamu, Amnesty na Human Rights Watch na wengine, yaliitaka FIFA itenge angalau dola milioni 440 kuwafidia wafanyakazi walioumia, walioporwa mishahara, na familia za waliokufa. Kiasi hicho hawakukitoa hewani, kililingana na zawadi za timu zote za Kombe la Dunia lile. Kisha wakawageukia wadhamini mmoja mmoja, mnaunga mkono au hamuungi? Wanne wakasema ndiyo: AB InBev wenye Budweiser, Adidas, Coca-Cola na McDonald's.

Wanne! Niliposoma hapo nikasema hii imeisha.

Haikuisha. Kombe likachezwa, Messi akavalishwa joho, tukalala. Ule mfuko wa fidia haukuja. Mwishoni mwa 2024 FIFA ikatangaza mfuko wa dola milioni 50 wa kumbukumbu ya Kombe lile, pesa ziende kwenye miradi ya mashirika makubwa ya kimataifa, sio kwa mjane wa mtu.

Nimelifikiria sana hili. Wadhamini waliombwa kuunga mkono, na wakaunga mkono. Walichoombwa walikitoa! Kuunga mkono ni sentensi, haina tarehe wala haina awamu inayozuiliwa. Hakuna aliyesema "pesa ya msimu ujao haitoki mpaka mfuko uwepo". Ukiomba maneno unapewa maneno, tena mazuri, yamepitiwa na mwanasheria.

Tofauti kidogo ilikuwa kwa Wadenmark. Timu yao ya taifa ilikuwa na wadhamini wawili wa jezi za mazoezi, Danske Spil na Arbejdernes Landsbank, na hao walikubali kuachia nafasi ya nembo zao ziwekwe jumbe za haki za binadamu. Dunia haikubadilika kwa hilo. Ila walitoa kitu walichokinunua, na unaweza kukiona kifuani kwa mtu.

## "Wakiondoka utatulipa wewe?"

Mama wa mmoja wa wachezaji aliniambia hivyo, sio kwa ubaya. Nilimweleza nataka kuandika barua kwa kampuni, akaniangalia vile mama anavyomwangalia mtoto anayechezea jiko la mafuta.

"Elfu saba moja tumepata. Wakiondoka utatulipa wewe?"

Sina jibu la hilo mpaka leo.

Maana wanaondoka kweli. Februari 2016, baada ya kashfa za dawa na rushwa kuitikisa IAAF, shirikisho la riadha la dunia, ile ya kina Lamine Diack, Nestlé alivunja mkataba wake. Unajua alikuwa anadhamini nini? Riadha ya watoto. Rais mpya, Sebastian Coe, alikuja juu akasema wanaoumia ni watoto, na pamoja na kwamba alikuwa anajitetea alikuwa anasema kweli. Waliokula walishakula, aliyekosa ni mtoto wa shule mwenye kiroba cha kurukia.

Na hapa jirani, SportPesa. Januari 2018 kodi ya michezo ya kubahatisha Kenya ilipopanda kufika asilimia 35, SportPesa alikata udhamini wote wa ndani kwa mpigo mmoja. Gor Mahia, AFC Leopards, ligi yenyewe, raga, ndondi. Watu walioumia hawakuwa wamepandisha kodi yoyote. Baadaye kodi ikashushwa na yeye akarudi.

Ile stori ya SportPesa nimeirudia mara nyingi kichwani, kwasababu kwa upande mmoja inamuunga mkono yule mama, na kwa upande wa pili inanipa mimi nguvu. Kumbe kubana wanajua! Siku inayoguswa ni pesa yao hakuna anayesema "sisi hatuingilii mambo ya ndani". Wanakata pesa ya ligi, na wanajua kabisa wanayembana atasikia.

Halafu kuna wasiwasi mwingine unaotuhusu sisi zaidi kuliko Wazungu. Huku mdhamini mara nyingi ana timu. Mnakumbuka 2021 GSM, mfadhili wa Yanga, alipoingia kuwa mdhamini mwenza wa ligi, Simba wakagoma kuvaa nembo yake na miezi michache mbele GSM akajitoa? Kila mtu alikuwa na sababu zake, sitaki kuianzisha ile ligi ya maneno hapa. Ila ukimwambia mtu wa Kariakoo kwamba mdhamini ashike rungu la kusimamia mpira, swali lake la kwanza litakuwa mdhamini ni wa rangi gani. Na ni swali la haki.

Kwahiyo mi sitaki waondoke, na sitaki waendeshe. Nataka wabaki, waulize swali moja kabla ya kusaini.

Ilinichukua wiki nne kufika kwenye hiyo sentensi.

## Barua

Barua ya kwanza ilikuwa kurasa tatu. Ilikuwa na neno "mafisadi" mara tano. Niliipenda sana. Rafiki yangu wa supu aliisoma akiwa anatafuna, akafika ukurasa wa pili akairudisha.

"Hii inaenda kwa mwanasheria. Ikifika kwa mwanasheria imekufa."

Ya pili ikawa ukurasa mmoja na nusu, imejaa takwimu za kina FedEx na Qatar, najionyesha nimesoma. Akaicheka. Akaniuliza yule mtu anayesaini awamu akimaliza kusoma hii kesho asubuhi atafanya nini? Nikanyamaza. Maana hata mimi sikujua nilitaka afanye nini, zaidi ya kujisikia vibaya.

Ya tatu ina aya nne. Inasema sisi ni wazazi na walezi, tunashukuru (ndiyo, niliandika tunashukuru, na nilimaanisha), binti zetu wameahidiwa posho kiasi hiki na wamepokea kiasi hiki. Kisha ombi moja, kwamba awamu inayofuata kampuni iombe posho ya wachezaji ilipwe moja kwa moja kwenye simu zao, kila mchezaji ana laini, na chama kibaki na orodha ya malipo. Basi. Haimtuhumu mtu. Anayelipa vizuri hapotezi kitu.

Na muda. Huu niliupata kwa rafiki yangu wa supu pia. Mkataba unaisha na msimu huu, na kama wanataka kuendelea mazungumzo yanafanyika sasa, sio siku ya fainali wakati kila mtu kashika kipaza sauti. Sasa ndo mezani pana karatasi ambayo haijasainiwa.

Nikaipeleka kwa mkono, nikagongewa muhuri kwenye nakala, na nyingine nikaituma kwa imeli. Imeli ikajibiwa na mashine ndani ya dakika moja, tumepokea maoni yako mteja wetu mpendwa.

Wiki moja kimya. Wiki mbili kimya. Nikaanza kujiona mjinga, nikaacha hata kwenda uwanjani.

Juzi Jumanne nikapigiwa na namba nisiyoijua. Dada mmoja, mstaarabu sana, anaongea taratibu, akasema barua imemfikia na ameisoma mara mbili. Akasema hakujua. Nilimwamini, sijui kwanini, labda sauti. Halafu akaniuliza kitu ambacho kwa nafasi yake hata mimi ningeuliza.

"Kaka, una orodha? Majina, na kila mmoja kapokea kiasi gani, na saini zao. Bila hiyo mi siwezi kwenda nayo juu."

## Kauntabuku

Jana jioni baada ya mazoezi nahodha wao aliwakusanya nyuma ya goli. Sikumuomba awakusanye, nilimweleza tu yule dada alichosema, akasema subiri. Akatoa kauntabuku kwenye begi, akachora mistari kwa rula ya mtu, jina, mechi, alichopokea, saini. Mwandiko mzuri, wa mtu aliyekuwa anaandika ubaoni kwa niaba ya mwalimu.

Wapo ishirini na mbili. Mi nilikaa mbali kidogo kwenye tofali, najifanya naangalia simu.

Kumi na nne walisaini. Wengine walisaini wakicheka, wengine harakaharaka kama wanatia dole. Mmoja alisaini akafuta akasaini tena. Wengine walikuwa na daladala ya kuwahi, ghafla.

Mpwa wangu hakusaini.

Tulitembea kituoni kimya mpaka karibu na kwa fundi baiskeli. Sikutaka kumuuliza, na nadhani alikuwa anasubiri nimuulize, mwisho akasema mwenyewe.

"Anko, kipa namba moja kaumia. Mi wiki ijayo ndo naanza."

"Najua."

"Na ile orodha kocha ataiona."

Nikamwambia ndiyo, labda ataiona.

"Basi ndo hivyo."

Wiki sita nasoma habari za watu wenye bilioni 620 na wadhamini waliochelewa, ninawacheka mioyoni kwamba waoga, na kumbe gharama yote ya ile barua yangu nzuri ya aya nne nilikuwa nimeishusha kwenye mabega ya watoto wa miaka kumi na saba. Kampuni inataka ushahidi ili isijiingize matatani. Mimi sijataja majina hapa ili nisijiingize matatani. Nani kabaki wa kuandika jina lake kwa wino?

Kauntabuku ninayo mimi, nahodha kanipa nikaitunze. Imekaa hapa mezani wakati naandika, juu yake nimeweka kikombe halafu nikakiondoa nisije nikaichafua.

Leo asubuhi nimempigia yule dada. Nimemwambia orodha ipo ila simpi. Kukawa kimya kidogo upande wake, nikajua amekata tamaa na mimi, nikaongea harakaharaka kabla hajaaga. Nikamwambia Jumamosi saa kumi kuna mechi, aje, asivae sare ya kampuni, asimwambie mtu wa chama, akae chini ya mwembe na wazee, na filimbi ya mwisho ikilia atembee na wachezaji mpaka kituoni na asikilize wanaombana nauli.

Akauliza uwanja upo wapi.

Nikamwelekeza. Nikamwambia akipotea aulize watoto, na akifika ataona bango lao, siku hizi tunalifunga upande wa benchi kwasababu ya mvua.